Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: vifaa vya mlingotini vya kushikia upondo wa tanga

Majibu haya ni kwa wenye yoti na mashua za tanga wanaotia nanga Kilindini, Tudor, Mtwapa hadi Kilifi. Yanahusu ncha moja tu ya upondo, yaani mti au bomba la kulitanua tanga la mbele: ile ncha inayokaa mlingotini. Wengi huja kuuliza bei ya upondo wenyewe, na habari ya mahali utakapoegemea huikumbuka wakishalipa. Hapo ndipo gharama inapoanza upya.

Upondo wa jenowa na upondo wa spinaka si kitu kimoja?

Ukiviona vimelala sitahani utadhani ndivyo. Upondo wa jenowa, lile tanga pana la mbele, ni mwepesi, mara nyingi wa bomba mbili zinazoingiana ili urefu ubadilike. Kazi yake ni kuishika pembe ya demani ya tanga la mbele (kona ya chini inayofungwa kamba) iwe nje upande wa joshini, yaani unakotoka upepo, wakati upepo unatoka tezi, tanga lisije likalala kwenye kivuli cha tanga kubwa na kupigapiga. Upondo wa spinaka, tanga jepesi linalovimba kama puto mbele ya chombo, ni mnene zaidi, urefu wake haubadiliki, na kwa desturi hulingana na umbali kutoka uso wa mlingoti hadi pale waya wa omo unapoingia sitahani. Umbali huo kwenye michoro ya yoti huandikwa J. Utaukuta kila mahali, heri uuzoee.

Upondo wa spinaka unaweza kufanya kazi ya jenowa. Wa jenowa usiufungie spinaka, labda upepo uwe mwepesi kabisa na uwe wa nyuma moja kwa moja. Ukija ubavuni utaupinda katikati.

Kwa safari za hapa kwetu una faida kweli?

Kubwa. Kusi ikiwa imeshika, kutoka Mombasa kwenda Kilifi ni kama maili 30 za bahari, na sehemu kubwa upepo uko nyuma au nyuma kidogo ubavuni. Kaskazi ndiyo ya kushukia Wasini, karibu maili 40, upepo tena ukiwa mgongoni. Tofauti ni mkondo. Mkondo wa pwani yetu huenda kaskazini mwaka mzima, kwa hivyo wakati wa kusi unakubeba, wakati wa kaskazi unapingana na upepo na kuinua mawimbi mafupi yaliyosimama wima. Chombo kinayumba huku na huku, na tanga lisiloshikwa hujaa, huanguka, hujaa tena kwa kishindo. Matlai, upepo ukiwa wa kubahatisha na mawimbi ya juzi bado yapo, ni vivyo hivyo. Upondo huondoa kero hiyo, lakini kila kishindo kilichokuwa kikiishia kwenye tanga sasa kinaishia kwenye kile kipande cha chuma mlingotini.

Basi nianze kununua nini?

Usinunue kitu kwanza. Pima mlingoti.

Unahitaji upana wa uso wake wa mbele na jinsi ulivyopinda, kwa sababu kitako cha pete, kile kipande kinachoshika upondo, kisicholingana na mviringo wa mlingoti hukalia kingo mbili tu na kucheza. Kata kadibodi, iegemeze kwenye mlingoti, punguza kwa mkasi mpaka ikae bila mwanya, kisha linganisha na kitako dukani au umtumie muuzaji picha yake pamoja na rula.

Unahitaji pia unene wa ukuta wa mlingoti, na hapa watu hukisia. Si lazima ukisie. Tafuta tundu lililopo tayari, kwa mfano pale jarari, kamba ya kupandishia tanga, inapotokea. Chukua waya mgumu, ukunje ncha iwe ndoana fupi, uingize, uvute mpaka ndoana iguse ukuta kwa ndani, kisha utie alama kwa kalamu sawasawa na uso wa nje. Toa waya, pima kutoka ndoana hadi alama. Mashua nyingi za futi 20 na kitu zina ukuta wa milimita 2 hadi 3. Kipimo hiki ndicho kitakachoamua baadaye kama utatumia ribiti au skrubu, na hata kama ile pete kubwa uliyoipenda ina maana yoyote kwenye chombo chako.

Pete isiyohama, au reli na kigari?

Kwa mashua ya futi 22 hadi 26 yenye tanga moja la mbele na upondo wa jenowa, pete moja iliyofungwa pahali pake inatosha. Ni rahisi, haina kinachokwama, na ni nyepesi. Anayekushawishi uweke reli ya mita 3 kwenye chombo kama hicho anafikiria faida yake.

Reli, ambayo juu yake pete hupanda na kushuka ikiwa kwenye kigari, inaanza kuwa na maana ukiwa na mojawapo ya mambo haya. Unatumia matanga ya mbele ya ukubwa tofauti, kwa hiyo pembe ya demani mara iko juu, mara chini. Au una spinaka, ambayo pembe zake hupanda na kushuka kulingana na upepo, na upondo unatakiwa ufuate ili ubaki umelala sawa, pembe mraba na mlingoti. Au chombo ni kikubwa kiasi kwamba wakati wa kupindua, yaani kuhamisha tanga upande wa pili upepo ukiwa tezi, ncha ya nje ya upondo lazima ipite ndani ya waya wa omo huku ncha ya ndani ikibaki mlingotini. Hapo bila kuinua ncha ya ndani, upondo haupiti.

Kwenye vyombo vya hadi futi 30 hivi, watu hupindua kwa kugeuza upondo wenyewe: unaufungua mlingotini, ncha iliyokuwa ndani inashika kamba upande wa pili, iliyokuwa nje inarudi mlingotini. Njia hiyo hutaka ncha mbili zinazofanana na pete ya kawaida. Jiulize unapindua vipi kabla hujafungua katalogi.

Reli za kawaida zina umbo la T, za upana wa milimita 25 au 32. Ile ya 25 ni ya vyombo vidogo. Ukishapita futi 33 au ukiwa na spinaka ya kweli, nenda 32.

Kigari cha pini au cha kamba?

Cha pini ni cha bei nafuu: unavuta pini, unasogeza, unaachia idumbukie kwenye tundu la reli. Tatizo ni kwamba pini haivutiki upondo ukiwa umebeba mzigo, na anayeivuta amesimama mbele ya mlingoti, mikono juu, chombo kinayumba. Kigari cha kamba kina gofia juu na chini ya reli, unakipandisha na kukishusha ukiwa umesimama imara, na kamba hukiweka unapotaka hata nusu ya kipimo. Kama unasafiri na mke au mwenzako mmoja tu, lipa ziada hiyo. Kama una vijana wanne wa kushika kamba, pini itawafaa.

Pete au kikombe?

Hilo linategemea ncha ya upondo, na ndipo makosa ya kuagiza hutokea zaidi. Ncha yenye taya na pini ya kusukuma hushika pete. Ncha yenye kichwa cha mviringo huingia kwenye kikombe na kujifunga. Havichanganyiki. Kikombe kinashika vizuri sana kwenye vyombo vikubwa ambapo ncha ya ndani haitoki mlingotini. Kwa chombo kidogo kinachogeuza upondo, pete haina mpinzani.

Ukichagua pete, pima mambo mawili: unene wa chuma cha pete uingie ndani ya taya, na nafasi ya ndani ya pete iiruhusu taya izunguke mpaka pembeni kabisa bila kubana. Taya ikibana, upondo ukienda nyuma hugeuka mtaimbo na kuing'oa pete kwenye kitako chake. Jaribu kwa mkono kabla ya kutoboa chochote: shika pete, ingiza taya, zungusha kila upande.

Nifunge kwa urefu gani?

Pandisha tanga siku ya utulivu, livute nje kwa mkono upande mmoja kadiri litakavyofika, mtu apime pembe ya demani iko juu ya sitaha kwa kiasi gani. Huo ndio urefu wa pete. Ikiwa tanga hukunjwa kwa kuviringishwa kwenye waya wa omo, jua kwamba kadiri unavyolipunguza ndivyo pembe inavyopanda, na utafurahi kuwa na reli hata fupi ya mita 1 na nusu.

Nguvu yenyewe ni kiasi gani? Nasikia watu wakisema kilo mia, wengine kilo elfu.

Wote wanaweza kuwa sahihi, maana inategemea wapi upondo umeelekea.

Upepo wa maili 10 za bahari kwa saa husukuma kila mita ya mraba kwa karibu kilo 1.6. Ukifika maili 20, ni kilo 6.5: mwendo mara mbili, nguvu mara nne. Tanga la mita 25 za mraba basi linapata zaidi ya kilo 160. Lakini ukikimbia na upepo wa 20 kwa mwendo wa 6, tanga linahisi 14 tu, na kilo zinashuka hadi nusu. Ndiyo maana kukimbia na upepo hudanganya. Chombo kikisimama ghafla, kikichomeka pua kwenye wimbi au kikigeuka ubavu, zile 20 zinarudi zote mara moja.

Sasa ongeza pembe. Upondo ukiwa umetoka ubavuni, kamba inayourudisha nyuma huuvuta kwa pembe kubwa na kazi yake ni nyepesi. Upondo ukisogea mbele karibu na waya wa omo, kamba hiyo hiyo inakuwa karibu sambamba nao. Kamba inayofanya pembe ya digrii 15 na upondo lazima ivutwe karibu mara nne ya nguvu inayoizuia, na karibu yote hiyo inarudi mlingotini kama msukumo. Hapo ndipo spinaka inapoua pete. Jenowa iliyotanuliwa nyuma kabisa haifiki huko.

Jambo la pili ambalo wachache hulitazama ni upande wa msukumo. Upondo ukielekea mbele, unaisukuma pete kwenye mlingoti, na ribiti zinapumzika. Ukitoka ubavuni, unaisukuma pete kando, na kitako kinataka kupinduka: ribiti za upande mmoja zinavutwa kutoka nje, za upande wa pili zinakandamizwa. Kwa hiyo kati ya pete mbili zenye chuma cha unene mmoja, chukua yenye kitako kipana. Mimi pete yenye tundu mbili tu siiweki kwenye chombo chochote kinachotoka nje ya miamba.

Ribiti au skrubu?

Skrubu iliyokatiwa hesi kwenye ukuta wa mlingoti inahitaji hesi tatu kamili kushika. Skrubu ya M6 ina hesi moja kila milimita 1, kwa hiyo ukuta wa milimita 3 unatoa tatu, umefika mpakani. Ukuta wa 2 unatoa mbili, na hizo zitachunika. M5 ina hesi kila milimita 0.8, inashika vizuri zaidi kwenye ukuta mwembamba ingawa yenyewe ni nyembamba. Chini ya milimita 3, tumia ribiti.

Ribiti za alumini za dukani ni za mabati ya paa. Usizitumie hapa. Zinazofaa ni za moneli, mchanganyiko wa nikeli na shaba, au za stenlesi, za milimita 4.8 kwa reli na 6.4 kwa pete ikiwa kitako kinaruhusu. Kuzivuta kunahitaji bunduki ya mikono mirefu. Ile ndogo ya mkono mmoja itakuchosha na kuacha ribiti nusu. Toboa milimita 4.9 kwa ribiti ya 4.8, na 5 kamili kwa kukata hesi ya M6. Msumari wa ndani ukibaki kichwani mwa ribiti, usukume utoke, la sivyo utashika kutu hapo hapo na kuchora mistari ya kahawia mlingotini.

Usipange matundu mengi kwenye mstari mmoja kuzunguka mlingoti. Yapishanishe juu na chini. Matundu kwenye mstari mmoja ni alama ya kukatia, na mlingoti utaifuata.

Stenlesi kwenye alumini haileti kutu?

Huleta, na Mombasa huleta haraka. Metali mbili tofauti zikigusana kwenye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayolika: utaona rangi inavimba, halafu unga mweupe kuzunguka skrubu, halafu skrubu inazunguka bila kushika. Dawa yake ni kuzitenga. Weka karatasi nyembamba ya plastiki ngumu chini ya kitako, iliyokatwa kwa umbo lake, na upake dawa ya kutenga metali kama Duralac au Tef-Gel kwenye kila skrubu na kila ribiti kabla haijaingia. Usiache hata moja kwa sababu jua limekuwa kali na unataka kumaliza.

Kuosha kwa maji yasiyo na chumvi husaidia sana. Najua maji ya kununua kwa mtungi kwenye mkokoteni si ya kumwaga ovyo. Lita 5 na kitambaa zinatosha kwa pete, reli na kigari.

Mlingoti wangu ni wa mbao.

Tumia pete yenye kitako kirefu, skrubu ndefu za mbao, na dawa ya kuziba maji kwenye kila tundu. Mbao huoza kwa ndani kuanzia kwenye tundu lisilozibwa, na hutaona mpaka skrubu itoke na unga. Kama mlingoti umejengwa ukiwa na uwazi ndani, tafuta pale ulipojazwa.

Wa kaboni?

Alumini isiguse kaboni popote, kaboni huila. Kazi hii mpe aliyewahi kuifanya.

Mafundi wa hapa hawawezi kunitengenezea pete?

Wanaweza, na fundi mzuri wa kukereza atakutengenezea kigari kinachoteleza kuliko cha kuagiza. Kinachonitia wasiwasi ni pete ya kuchomelea. Baadhi ya pete za viwandani zimefuliwa kipande kimoja. Ya kuchomelea ina nguvu kadiri ya mkono wa mchomeleaji siku hiyo. Ukiamua hivyo, taka chuma cha daraja la 316, si 304, na mchomeleo uzunguke pande zote na kung'arishwa, maana mchomeleo wenye vishimo huweka chumvi. Sumaku haitakusaidia kutofautisha: 316 na 304 zote haziishiki sumaku au huishika kidogo tu. Nunua chuma kwa muuzaji anayekuonyesha alama iliyopigwa kwenye bomba au bamba.

Kuna tofauti ya vipimo vya inchi na vya milimita?

Kubwa. Vifaa vya Marekani, kama vya Forespar, huja na matundu ya inchi. Vya Seldén, Wasweden, ni vya milimita. Skrubu ya robo inchi ni milimita 6.35 na hesi zake haziingiliani na M6. Itaanza kuingia, itakaza, utafikiri imeshika. Chagua mfumo mmoja na ununue skrubu na ribiti za akiba pamoja na kifaa chenyewe. Reli ndefu agiza vipande viwili na kiungo chake. Ya mita 3 kwa kipande kimoja usafiri wake unaweza kupita bei yake.

Upondo nisimamishe mlingotini au nilaze sitahani?

Ukiusimamisha, reli lazima ifike juu kiasi cha urefu wa upondo, na chini uweke kishikio cha kuzuia ncha isipige. Faida: kamba zote zinabaki zimefungwa, mtu mmoja anaushusha. Hasara: uzito juu, na kelele usiku ukiwa nangani. Kwa chombo cha chini ya futi 30 naulaza sitahani, kwenye vishikio viwili kando ya nguzo za kamba za usalama.

Nina ngalawa. Nahitaji haya yote?

Huhitaji. Foromali inashika tanga lako kwa juu, na kama unataka pembe ya demani itoke nje, fito ya mkoko yenye panda na kamba moja inatosha.

Naweza kuingia Kilindini upondo ukiwa umetoka?

Usifanye hivyo. Mlangoni, maji yakipwa siku za bamvua na kusi ikisukuma kinyume, mawimbi yanasimama na chombo kinayumba vya kutosha kuchovya ncha ya upondo majini. Ncha ikichovya ukiwa na mwendo, mzigo wote unahamia kwenye pete kwa upande ule mbaya niliousema. Ndani kuna meli za kontena na feri za Likoni, na wewe mwenye upondo huwezi kugeuka upesi. Ushushe ukiwa bado nje ya miamba, mahali pana nafasi.

Ukiwa safarini, fungia upondo kamba tatu zake peke yake: ya kuuinua, ya kuushusha na ya kuurudisha nyuma. Hapo, mvua ya ghafla ikija, unalikunja tanga huku upondo umesimama mahali pake na hakuna mtu anayelazimika kwenda omo.

Niangalie nini, na lini?

Kabla ya kusi, na tena kabla ya kaskazi. Tikisa pete kwa mkono. Isisogee hata kidogo. Tazama unga mweupe. Pitisha kucha kuzunguka kila kichwa cha ribiti: kinachoshika kucha upande mmoja kimeanza kuinuka. Ondoa mkanda wowote wa plastiki uliozungushwa kwenye stenlesi, maana chini yake chuma hukosa hewa na huchimbika. Pini ya taya ifunguke kwa kidole kimoja na irudi yenyewe. Ikigoma, ioshe kwa maji ya moto kwanza kabla ya kuipaka mafuta, kwa sababu mara nyingi ni chumvi tu. Ukikuta ribiti moja imelegea, toa zote za kitako hicho na uzibadilishe. Zilizobaki zimekuwa zikibeba mzigo wa ile moja tangu ilipolegea.